Kinachokaa, Kinachomwagika, Kinachotoroka

Wadogo zangu mnaoingia kufundisha darasa la awali muhula huu, nimeambiwa mpo wawili, na nyote mmemaliza kidato cha nne kama mimi. Mama Subilaga wa jikoni ameniomba niwaandikie jinsi nilivyokuwa nafundisha, kwa sababu anasema mnamuuliza maswali huku uji unamwungulia. Haya, nawaandikia. Ila niseme mapema kwamba nimekasirika, na hasira yangu haijapoa tangu nilipotoka pale. Mkifika mahali nimekandamiza kalamu mpaka karatasi imetoboka, rukeni tu, mwendelee.

Watu hustaafu na mvi zao, wakapewa saa ya ukutani na hotuba ndefu. Mimi nimestaafu kabla ya kuota jino la mwisho, nikapewa kifuniko cha sufuria. Chekeni. Hata mimi nilicheka pale getini, halafu nikalia njia nzima mpaka kwetu Msasani, hii ya hapa Tukuyu, si ile ya Dar. Mvua ilikuwa inanyesha, kama mnavyoijua mvua ya kwetu, kwa hiyo hakuna aliyegundua.

Siku yangu ya kwanza nilifika nimevaa viatu vya dada yangu, vinanipwaya. Madam, ambaye ndiye mwalimu mkuu na ndiye mwenye shule, alinishika mkono akaniingiza darasani nisikie watoto walivyoiva.

"Maada ina hali ngapi?"

"Tatuuu!"

"Zitaje!"

"Yabisi! Kimiminika! Gesi!"

Kuta zilitetemeka. Nilifurahi jamani. Nikasema moyoni, Tusajigwe, umefika kwa wanasayansi. Madam alipotoka nikawauliza, kwa uzuri tu, yabisi ni nini. Kijana mmoja, Lusajo, akasimama wima.

"Yabisi anayo bibi yangu."

"Anayo wapi?"

"Kwenye magoti. Baridi ikija inamshika, hawezi kwenda kanisani."

Na gesi? Vidole vyote vilinyooka dirishani, kuelekea nyumba ya Madam, kwenye mtungi uliosimama mlangoni pa jiko lake. "Inaishaga," akasema mtoto mmoja kwa masikitiko, "halafu Madam anapikia mkaa." Kimiminika hakuna aliyejua ni kitu gani, ila walipenda kukisema kwa sababu kinachezesha midomo.

Hawakudanganya hata mmoja. Shikeni hilo kabla ya mengine yote. Watoto walipewa maneno, wakazunguka nayo wakitafuta pa kuyaweka, wakaona magoti ya bibi yana nafasi.

Nilikimbilia jikoni nikacheke huko. Mama Subilaga alikuwa anakoroga uji wa shule nzima, mwiko mrefu kama jembe.

"Unacheka nini, gwe?"

Nikamsimulia. Hakucheka sana. Alinyanyua mwiko, akanionyesha kuni. "Hiki kinakaa." Akauinua uji ukadondoka kwenye sufuria. "Hiki kinamwagika." Kisha akaupungia ule mvuke uliokuwa unapanda kwenye bati. "Na hiki kinatoroka. Waanzishie hapo. Majina ya kwenye kitabu yatakuja yenyewe, yana haraka gani?"

Basi hiyo ndiyo kazi yangu yote. Sikusomea zaidi ya pale. Tangu siku ile, kila Jumatano baada ya uji, darasa langu lilihamia jikoni, na Madam mwanzoni alipenda, maana wazazi wakipita walikuwa wanasimama kuchungulia.

Sasa mambo ya kufanya. Kwanza, majivu. Kabla watoto hawajaingia, chora mstari wa majivu kuzunguka mafiga, mbali kiasi kwamba mtoto akianguka haufikii moto. Waambie majivu yakikanyagwa, somo limekwisha. Hamtahitaji kupiga kelele. Watoto watalindana wenyewe, tena kwa ukali kuliko polisi wa barabarani.

Pili, kifuniko. Chemsheni maji, mfunike, mngoje, kisha mfunue mkigeuze kifuniko watoto waone matone. Msiwaambie kitu. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, sauti nyembamba ikapiga yowe kutoka nyuma: "Kilitoroka! Kimekamatwa!"

Huyo ndiye Atupele. Nitamsema sana, kwa hiyo mmjue. Ni mdogo kuliko wenzake, sweta lake mikono imemfunika vidole, baba yake anafanya kazi kiwanda cha chai upande wa kukausha majani. Kuhesabu hajui vizuri. Akifika kumi na mbili anaruka mpaka kumi na tano bila aibu. Lakini jikoni alikuwa anaona. Nilikuwa nimewafundisha kwamba ukitaka kujua kitu ni cha aina gani, geuza kwanza, jina baadaye. Wengine waligeuza vikombe. Atupele aligeuza vikombe, viatu, kiti, na siku moja mkoba wa Madam, ambao nao uligundulika kuwa unamwagika.

Kwa kinachotoroka, kaangeni kitunguu. Wapangeni watoto nje kwa mstari, wa kwanza mlangoni, wa mwisho kwenye ua, wafumbe macho, kila mmoja anyooshe mkono harufu ikimfikia. Mikono inanyooka mmoja baada ya mwingine kama majani yanayopitiwa na upepo. Nilikuwa nikiitazama nasahau hata kugeuza kitunguu. Mama Subilaga alikuwa ananigombeza kwamba namuunguzia mboga kwa ajili ya sayansi.

Kesi ngumu itakuwa unga. Kaeni mkao. Mtoto atamimina unga kutoka kikombe hadi kikombe, atawaambia unamwagika, na wenzake watapiga makofi. Kwetu walibishana mpaka wawili wakashikana mashati. Msiamue. Leteni maji, leteni unga, waambieni wajenge kilima. Unga utajenga. Maji hayajengi kilima hata uyabembeleze. Halafu wape punje za mchele wamimine, kisha washike punje moja peke yake. Lusajo aliitazama ile punje akasema, "Kumbe kila mmoja anakaa, ila wakiwa wengi wanakimbia." Nilitaka kumbusu.

Sasa nifike kwenye mawese, hapo ndipo ninapopandisha mori.

Mnajua wenyewe. Mawese ukiyanunua Kyela kwenye joto, yanacheza ndani ya chupa kama maji. Yakipanda huku kwetu wakati wa baridi, yanatulia. Unageuza chupa, hayatoki. Kila nyumba ina njia yake. Wengine wanaiweka chupa kando ya jiko, wengine wanaizamisha kwenye maji moto, na marehemu babu yangu kule Masoko alikuwa anachokonoa kwa kijiti cha mwanzi huku akiwalaumu watu wa Kyela, kana kwamba wao ndio waliotuletea baridi.

Asubuhi moja ya baridi kali, ukungu umejaa mpaka mlangoni, nikaleta chupa ndogo ya mawese. Tukaigeuza. "Yanakaa!" Tukaizamisha kwenye maji moto, tukaimba nyimbo mbili, tukaigeuza. "Yanamwagika!" Tukaiweka dirishani kwenye upepo, tukaenda kunywa uji, tukarudi. "Yanakaa tena!" Kitu kilekile, chupa ileile! Watoto walirukaruka hadi Mama Subilaga akatoka na mwiko. Atupele hakuruka. Alikuwa ameiinamia chupa, pua inagusa.

"Dada Tusa, yanajuaje kwamba kuna baridi?"

Nikamwambia sijui, tutauliza. Swali lile ninalo mpaka leo, na nalipenda.

Wiki hiyohiyo ukaja mtihani wa katikati ya mwaka. Mnaujua, karatasi zinachapwa huko mbali, zinasambazwa shule nyingi. Pale kwetu una uzito wake, kwa sababu baada ya mtihani huo Madam analigawa darasa. Wanaoandaliwa kwenda la kwanza wanakaa meza za dirishani. Wengine wanarudishwa benchi la nyuma na wadogo, kuanza upya mwaka unaofuata. Mtoto wa miaka sita anajua kabisa maana ya benchi lile.

Kulikuwa na picha ya chupa ya mafuta ya kula. Zungushia jibu sahihi: yabisi, kimiminika, gesi. Atupele alizungushia yabisi. Wenzake kadhaa walizungushia vilevile, ila wao walikuwa na alama za hesabu za kuwabeba. Atupele, na kumi na tano yake ile, swali hilo moja ndilo lililompeleka nyuma.

Ingeishia kwenye karatasi ningenyamaza. Lakini Madam alisimama mbele ya darasa na ile karatasi.

"Atupele, nani amekwambia mafuta ni yabisi?"

"Yanakaa, Madam."

"Yanakaa wapi?"

"Kwenye chupa. Tuligeuza."

"Darasa! Mafuta ni nini?"

"Kimiminikaaa!"

Watoto walewale walioruka jikoni. Walicheka pia, kwa sababu Madam alikuwa ametabasamu, na mtoto akiona mkubwa anatabasamu anadhani ruhusa imetolewa. Mchana wake, uwanjani, jina lilikuwa tayari: Atu Yabisi. Mpaka Lusajo alimwita hivyo. Na Jumatano iliyofuata jikoni, nilipompa Atupele kikombe ageuze, alikirudisha mezani taratibu, akaficha mikono ndani ya sweta.

Nilikwenda ofisini bila kubisha hodi.

"Madam, huyu mtoto hakukosea."

"Kaa kwanza, Tusa."

"Nimesimama vizuri."

Akavua miwani. "Mwanangu, unafikiri mimi sijui? Mimi nimezaliwa Kyela. Chupa yangu iko kwenye maji moto sasa hivi tunavyoongea."

"Sasa amekosa nini?"

"Karatasi inataka kimiminika."

"Karatasi haijawahi kuishi Tukuyu."

"Ndiyo maana haisikii baridi," akasema, tena kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma. "Wewe unaona mawese. Mimi naona wazazi wanaoangalia nani kafaulu. Shule ikikosa watoto, hilo jiko lako utapikia nini?"

Angekuwa hajui ningemvumilia, maana kutojua hata mimi ninako tele. Lakini alijua! Mtoto alijua, mimi nilijua, mpishi alijua, mwenye shule alijua, na bado tulitakiwa sote tusimame kumwambia mtoto wa miaka sita kwamba macho yake yamemdanganya. Na kwa nini? Ili afanane na chupa iliyochorwa na mtu ambaye hatumjui, mahali penye jua.

Alinipa nafasi moja, nisimnyime haki yake. Akasema nimlete Atupele asubuhi, amuulize mwenyewe kwa mdomo, baba yake akiwepo. Akisema kimiminika, anarudi dirishani. "Kazi yako ni kumwandaa," akasema. "Neno moja tu, Tusa. Neno moja halimuui mtoto."

Nikatoka na lile neno moja. Nimwambie nini? Kwamba kesho aseme tofauti na anachokiona? Mimi niliyemwambia geuza kwanza? Na nikikataa, mtoto anakaa benchi la nyuma mwaka mzima na jina la utani. Nilizunguka uwanja kama kuku anayetafuta pa kutagia, mpaka Mama Subilaga akaniita.

"Mbona unahangaika hivyo, mwanangu? Kama neno halibadiliki, si ubadilishe mawese."

Jamani! Nilimkumbatia na masizi yake.

Asubuhi, baridi ikiwa inauma masikio, Mama Subilaga aliizamisha chupa kwenye maji moto mpaka mawese yakawa mekundu na mepesi, yanang'aa. Nikaifunga kwa kitambaa, nikaitia ndani ya sweta, kwapani, nikafunga kanga juu. Nilitembea nimebana mkono kama mtu mwenye jipu. Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Naiweka chupa mezani, Atupele anaigeuza, anaona yanamwagika, anasema kimiminika. Madam anapata neno lake, mtoto anabaki na macho yake. Nilijiona nina akili siku ile, nawaambia ukweli. Nilikuwa natabasamu peke yangu kwenye ukungu.

Baba yake alikuwa ameshafika, ametoka zamu, ananukia chai nguo nzima. Tulisalimiana, "Ugonile," "Ndaga." Atupele alisimama katikati ya ofisi. Nikatoa chupa, ya moto bado, nikaiweka mezani mbele yake.

"Atu," nikamwambia, "igeuze."

"Ngoja kwanza," akasema Madam. "Atupele, mafuta ni nini?"

Atupele aliinua uso akatazama dari, mikono nyuma, kama watoto wanavyosema mstari wa kukariri kanisani.

"Mafuta-ni-kimiminika."

Chupa hakuitazama. Ilikuwa pale, karibu na pua yake, mawese yanacheza ndani, na hakuitazama.

"Mpigieni makofi!" akasema Madam, na tulikuwa wanne tu humo ndani. Baba yake akapiga. Akanigeukia anatabasamu. "Nilimfundisha nyumbani jana, dada, ameshika haraka. Nikamwambia, mwanangu, hata mimi kiwandani nikiambiwa jani limekauka, limekauka. Silishiki." Akanipa mkono kwa mikono yake miwili. "Ndaga fijo, asante sana kwa kumpigania."

Ningemkasirikia ingekuwa rahisi. Alikuwa baba anayempenda mtoto wake, amekesha kazini, na alichompa ndicho kilichomweka yeye mjini miaka yote. Kwa hiyo hasira yangu haikuwa na mtu wa kumwangukia, nayo ndiyo mbaya kuliko zote, inakula chakula chako na bado haishibi. Nilichukua chupa yangu nikarudi jikoni. Atupele alihamia dirishani siku hiyohiyo. Jina la Atu Yabisi likafa. Kila mtu alikuwa amefurahi.

Jumatano yake Madam akaniambia somo la jikoni tuliweke kando kidogo, watoto wanachanganyikiwa, tuwakaririshe kwanza, majaribio watayakuta mbele ya safari. Nikafundisha kukariri mpaka muhula ukaisha. Sauti zao nzuri, kuta zinatetemeka. Shule ilipofunga nikamwambia Madam sirudi. Alishangaa kweli, akauliza kama nimepata kazi nyingine. Mama Subilaga ndiye aliyenifuata getini na kile kifuniko.

Sasa nakaanga maandazi hapa barabarani Msasani, na nina ndoto zangu, msinihurumie. Babu aliacha kijieneo kati ya migomba kule Masoko. Nitajenga darasa la duara, mafiga katikati, mstari wa majivu wa kudumu, wa saruji. Fedha sina, ramani ninayo kichwani, na kifuniko tayari ninacho.

Chupa ya mawese huwa naiweka kando ya karai. Jana Atupele alipita na mama yake kununua maandazi. Mama yake akaniambia sasa anahesabu bila kuruka, nikafurahi, kisha nikaumia, sijui kipi kilitangulia. Wakati mama anachagua maandazi, Atupele aliiona chupa. Ilikuwa imekaa upande wa upepo. Akaangalia barabara kule, akaangalia huku, kama mtu anayetaka kuvuka.

"Dada Tusa," akaninong'oneza, "hapa inaruhusiwa kusema?"

"Inaruhusiwa."

Akaishika kwa mikono ya sweta, akaigeuza, akangoja.

"Yanakaa," akasema, sauti ndogo ya kuiba.

"Sema kwa nguvu."

Akatikisa kichwa, akairudisha chupa ilipokuwa, polepole, kama vile imelala.

Hiyo chupa nimempa Mama Subilaga awaletee pamoja na karatasi hizi. Maada, karatasi, mitihani, yote mtaelekezwa, Madam anajua kuelekeza. Mimi nawaomba kitu kimoja. Asubuhi ya baridi, ukungu ukiwa mlangoni, ipelekeni mbele ya yule wa meza ya dirishani mwenye sweta kubwa. Msimuulize ni nini. Igeuzeni tu mbele yake, mnyamaze, na mngoje mpaka aseme kwa nguvu.